Mwalimu wa Saksafoni

Jioni ukikaa nje na redio yako, ukasikiliza nyimbo za zamani za dansi, kuna mahali waimbaji hunyamaza. Magitaa yanaendelea. Ngoma zinaendelea. Halafu inaingia sauti nyingine. Siyo sauti ya mtu, lakini inafanana na sauti ya mtu. Inalia, inacheka, inauliza na kujijibu yenyewe. Watu wengi hudhani ni tarumbeta. Hiyo ni saksafoni.

Mwezi huu tutasoma habari za mtu aliyepuliza saksafoni katika nchi yetu, akawafundisha na wengine. Jina lake ni Michael Enoch. Wapenzi wa muziki walimwita King, maana yake Mfalme. Wanamuziki wenzake walimwita Ticha, maana yake mwalimu. Mimi nalipenda zaidi hilo jina la pili, na mbele utaona sababu yake.

SAKSAFONI NI KITU GANI?

Saksafoni ni chombo cha kupuliza. Imetengenezwa kwa shaba ya manjano inayong'aa. Umbo lake ni kama kiko kikubwa cha kuvutia tumbaku: juu ni nyembamba, chini imepinda, na mdomo wake mpana unatazama juu. Mwilini ina matundu zaidi ya 20. Kila tundu lina kifuniko chake. Mpulizaji hufungua na kufunga vifuniko hivyo kwa vidole vya mikono yote miwili.

Wewe uliyezaliwa Digodigo unajua sauti ya pembe. Mtu anapopuliza pembe, midomo yake mwenyewe ndiyo inayotetemeka na kutoa sauti. Tarumbeta nayo ni hivyo hivyo. Saksafoni ni tofauti. Mahali pa kuwekea mdomo kuna kijiti chembamba sana kilichochongwa kutokana na tete, yaani mmea unaofanana na mwanzi. Ukipuliza, kijiti hicho hutetemeka. Ndicho kinachotoa sauti. Watu wa pwani wana zumari, nayo pia hutoa sauti kwa namna hiyo. Kwa hiyo saksafoni, ingawa ni ya shaba, ni ndugu wa zumari kuliko tarumbeta.

Kijiti hicho hakidumu. Baada ya wiki chache kinachakaa, au kinapasuka, na lazima kupata kingine. Kinanunuliwa kutoka nje ya nchi. Kumbuka jambo hili.

Aliyebuni chombo hiki ni fundi wa Ubelgiji aliyeitwa Adolphe Sax. Alizaliwa mwaka 1814. Mwaka 1846, akiwa Paris, Ufaransa, alipewa hati ya serikali kuonyesha kwamba chombo hicho ni chake. Jina la saksafoni linatokana na jina lake.

Fundi huyu naye alikuwa mwalimu. Mwaka 1857 alianza kufundisha saksafoni katika chuo kikuu cha muziki cha Paris. Wanafunzi wake walikuwa askari wa bendi za jeshi. Mwaka 1870 vita vilitokea kati ya Ufaransa na Wajerumani, na darasa likafungwa. Unajua lilifunguliwa tena lini? Mwaka 1942. Miaka 72 ilipita chuo kile hakina darasa la saksafoni, katika mji ule ule ambamo chombo kilipata hati yake. Sax mwenyewe alikufa mwaka 1894, akiwa amekwisha kufilisika zaidi ya mara moja.

Chombo hakikufa, kwa sababu kilikuwa kimekwisha kwenda mbali. Bendi za majeshi zilikichukua. Kikafika Marekani. Huko watu weusi, wajukuu wa watumwa, walikuwa wameanzisha muziki mpya uitwao jazi, hasa katika mji wa New Orleans. Walikipokea chombo hiki na kukipa sauti ambayo Sax hakuifikiria. Mmoja wao alikuwa Coleman Hawkins, aliyezaliwa mwaka 1904 na kufa mwaka 1969. Kabla yake, wengi waliiona saksafoni kubwa kama kitu cha kuchekeshea watu. Yeye aliifanya ikaongoza bendi.

JAZI ILIFIKAJE KWETU?

Vyombo vya shaba vilifika kwetu kwa njia ya askari na wamisionari. Majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalikuwa na bendi zao. Watu wa pwani waliziona bendi hizo zikipita barabarani. Wakaziiga, wakaziongezea mambo yao, wakapata ngoma iliyoitwa beni. Beni ilichezwa kuanzia Lamu na Mombasa, ikashuka Tanganyika, ikaingia hata bara.

Kisha zikaja santuri. Katika miaka ya 1930 watu wa mijini walianza kusikia santuri za rumba kutoka Cuba. Vijana wakaunda vikundi vya dansi. Mwaka 1932 ilianzishwa Dar es Salaam Jazz Band. Baadaye zikafuata nyingine: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Atomic Jazz ya Tanga.

Hapa lazima nieleze jambo moja ili usichanganyikiwe. Bendi hizo zilijiita Jazz, lakini hazikupiga jazi ya Marekani. Zilipiga rumba na ngoma za kwetu kwa magitaa na vyombo vya kupuliza. Kwetu neno hilo lilikuwa na maana ya bendi ya dansi. Kwa hiyo mzee akikuambia, "Ujana wangu nilicheza jazi," anakuambia habari za dansi la Kiswahili.

MICHAEL ENOCH ANAINGIA

Mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru wa Tanganyika, Michael Enoch alijiunga na Dar es Salaam Jazz Band. Hakuingia na saksafoni. Aliingia kama mpiga gitaa la solo, yaani gitaa linaloongoza mengine. Bendi ilikuwa na umri wa miaka 28. Ilikuwa na wakubwa wake na desturi zake. Hata hivyo kijana huyo alifika mbele, akawa kiongozi wake wa muziki. Hapo ndipo jina la King lilipokua.

Mtu mwingine angeridhika. Gitaa la solo ndilo watu wanalolitazama dansini, na mpigaji wake ndiye anayetuzwa fedha. Enoch hakukaa kwenye gitaa peke yake. Alijifunza chombo hiki na kile, mpaka akaweza kupiga karibu kila chombo cha bendi. Miaka ilivyokwenda, chombo alichojulikana nacho zaidi kikawa saksafoni.

Kutoka gitaa kwenda saksafoni si hatua ndogo. Gitaa linahitaji vidole na sikio. Saksafoni inahitaji vidole, sikio, midomo na pumzi. Anayeanza hutoa sauti kama ya bata. Midomo huuma. Pumzi huisha katikati ya mstari. Umemwona mhunzi akivukuta moto? Anavukuta polepole, bila kukatiza, ili chuma kisipoe. Mpuliza saksafoni naye hutumia tumbo lake hivyo. Hilo halisomwi kitabuni. Linafundishwa na mtu aliyekwisha kuliweza.

Na katika bendi zetu nyingi hapakuwa na vitabu vya muziki. Mwanamuziki mkubwa aliimba kipande kwa mdomo wake, au alikipuliza, na mwanafunzi akakirudia. Akikosea, anarudia. Wanamuziki wengi waliokuwa maarufu hawakuweza kusoma noti hata moja. Darasa lao lilikuwa mazoezi ya mchana, kabla ya dansi ya usiku. Bendi isiyokuwa na ticha haikuwa na darasa.

BENDI ZA MASHIRIKA

Baada ya Uhuru, mambo ya bendi yalibadilika. Zamani bendi ilikuwa chama cha vijana waliochangishana fedha wakanunua magitaa. Sasa vyama vya wafanyakazi, mashirika na majeshi yalianzisha bendi zao. Mwaka 1964 kilianzishwa chama cha wafanyakazi cha NUTA, nacho kikawa na bendi iliyoitwa NUTA Jazz. Mtindo wake uliitwa Msondo. Wanamuziki wake walipata mshahara kila mwezi kama wafanyakazi wengine. Vyombo vilikuwa mali ya chama. Jeshi la Kujenga Taifa nalo lilikuwa na bendi yake, na Polisi pia.

Utaratibu huo ulikuwa na faida. Mpuliza saksafoni mwenye mshahara anaweza kukaa mahali pamoja, akafanya mazoezi na akafundisha. Asiye na mshahara huenda kila penye shilingi. Lakini ulikuwa na hasara pia. Vyombo si vyako. Ukiondoka, unaondoka mikono mitupu. Na wimbo wako ukipendwa nchi nzima, mshahara ni ule ule.

Mwaka 1978 ilianzishwa bendi mpya Dar es Salaam, chini ya shirika la usafirishaji na teksi. Ilipigia katika baa ya Mlimani Park, karibu na Chuo Kikuu, ikachukua jina la mahali hapo: Mlimani Park Orchestra. Waimbaji Muhiddin Maalim Gurumo na Hassani Bitchuka walitoka kwenye bendi ya NUTA. Mpiga gitaa Abel Balthazar alikuwemo. Na Michael Enoch alikuwemo, safari hii akiwa na saksafoni mkononi, na kazi ya kupanga muziki wote.

Mtindo wao waliuita Sikinde. Hilo ni jina la ngoma ya Wazaramo. Waliongeza maneno "ngoma ya ukae". Kwa Kizaramo ukae ni nyumbani. Kwa hiyo walikuwa wanasema: hii ni ngoma ya nyumbani. Mwaka 1983 bendi ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC.

ZAMU KAMA ZA MAJI

Sasa tuitazame kazi ya kupanga muziki, maana hiyo ndiyo watu hawaioni.

Bendi kama Mlimani Park ilikuwa na magitaa matatu au manne, ngoma, waimbaji, na wapulizaji wa tarumbeta na saksafoni. Wote wakipiga kwa nguvu kwa wakati mmoja, utasikia kelele tu. Hapa kwetu maji ya chemchemi hayapelekwi katika mashamba yote kwa saa moja. Wazee wetu, wenamiji, hupanga zamu. Leo mfereji wa huyu, kesho wa yule. Asiye na zamu anangoja. Akiyachukua maji kwa nguvu, mashamba ya chini yanakauka.

Mpangaji wa muziki hufanya kazi kama hiyo. Gitaa la solo linasema, saksafoni inangoja. Mwimbaji anamaliza mstari, wapulizaji wanamjibu kwa pamoja, kisha wananyamaza mara moja. Anayechelewa kunyamaza huharibu wimbo kuliko anayekosea sauti.

Nyimbo nyingi za dansi letu zina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya taratibu. Hapo ndipo pana hadithi: ndoa, talaka, barua ya mama, rafiki aliyesaliti. Watu hucheza polepole huku wakisikiliza maneno. Sehemu ya pili huitwa chemko. Jina limetokana na kuchemka, kama maji jikoni. Mwendo unakuwa mkali, maneno yanapungua, na vyombo vya kupuliza vinapata zamu ndefu. Wapulizaji wa Mlimani Park walipoingia pamoja kwenye chemko, walisikika kama mtu mmoja mwenye midomo mitatu. Huko kulingana hakuji kwa bahati. Huja kwa mazoezi, na kwa mtu mmoja anayesikia wote.

Nyimbo hizo zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam katika studio yake. Bendi iliingia, ikapiga, redio ikatangaza. Kwa njia hiyo sauti ya saksafoni ya Enoch ilifika vijijini ambako yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga.

Miaka hiyo haikuwa rahisi. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikuwa haba nchini. Wewe mkulima mwenye umri unakumbuka: sabuni ilikuwa shida, mafuta ya taa shida, jembe shida. Fikiria sasa kile kijiti cha tete kinachotoka ng'ambo. Fikiria nyuzi za gitaa. Bendi nazo zilikuwa kwenye foleni ile ile uliyokuwa wewe.

WALIPOONDOKA SITA

Mwaka 1985 jambo kubwa lilitokea. Wanamuziki sita wa Mlimani Park walihama kwa pamoja kwenda Orchestra Safari Sound, bendi ya mtu binafsi iliyowapa maslahi zaidi. Miongoni mwao walikuwa Gurumo mwenyewe na Abel Balthazar. Huko wakaanzisha mtindo wa Ndekule. Watu wa Dar es Salaam wakasema Sikinde imekwisha.

Haikwisha. Waliingia waimbaji wengine na wapigaji wengine, na bendi ikaendelea kurekodi nyimbo zilizopendwa. Mimi naona sababu ni moja. Katika bendi ile wimbo haukukaa kichwani mwa nyota mmoja. Ulikuwa umepangwa, na kila chombo kilikuwa na mahali pake. Mtu mpya alipokuja, palikuwa na wa kumwonyesha: unaingia hapa, unanyamaza hapa, unajibu hapa. Sisi mabwana shamba tunalijua jambo hili kwa upande wa mbegu. Mbegu nzuri ya mtama ikibaki katika kaya moja tu, panya wa usiku mmoja wanatosha kuimaliza. Ikiwa katika kaya kumi, kijiji bado kinayo.

Mwaka 1992 na baada ya hapo, baadhi ya nyimbo zilizorekodiwa na redio zilitolewa tena ng'ambo, katika Marekani na Ulaya. Wageni wasiojua Kiswahili walizinunua kwa ajili ya magitaa na wapulizaji wake.

Kuhusu malipo, sheria ya hakimiliki tuliyo nayo ilitungwa mwaka 1999, ikaanzisha COSOTA ya kushughulikia haki za watunzi. Wakati huo nyimbo nyingi za Sikinde na Msondo zilikuwa na umri wa miaka 15 au 20, na watunzi wake walikuwa wamezeeka katika mishahara midogo. Muhiddin Gurumo alifariki mwaka 2014. Michael Enoch naye ametangulia.

NANI ANAPULIZA SASA?

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 kiliingia katika bendi chombo kingine: kinanda cha umeme. Kinanda hicho kinaweza kuiga sauti ya tarumbeta, ya saksafoni, hata ya ngoma. Kinapigwa na mtu mmoja. Mwenye bendi akapiga hesabu. Wapulizaji watatu ni mishahara mitatu, na viti vitatu katika gari. Mpiga kinanda ni mmoja. Bendi nyingi zikaacha kuajiri wapulizaji. Msondo na Sikinde ziliendelea nao kwa muda mrefu, na ndiyo sababu wazee waliendelea kuzifuata.

Mimi siwalaumu wenye bendi. Lakini sauti ya kinanda haipumui. Mpuliza saksafoni kwa kawaida hukata sauti ili avute pumzi, na pale anapokata ndipo unaposikia kwamba ni mtu. Kinanda hakichoki, na masikio yanatambua.

Shida iliyo kubwa zaidi ni hii. Bendi ndiyo iliyokuwa shule. Wapulizaji walipoondolewa, mazoezi ya mchana yalibaki ya magitaa na kinanda. Kijana anayetaka saksafoni hana tena mzee wa kukaa pembeni mwake kila siku. Zipo shule za muziki: Bagamoyo kuna chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981, ambacho sasa kinaitwa TaSUBa, na Zanzibar kuna chuo cha muziki cha nchi za jahazi kilichofunguliwa mwaka 2002. Bendi za Polisi na Jeshi nazo zinafundisha watu wake kupuliza, kama zilivyofanya tangu zamani. Lakini toka Digodigo mpaka Bagamoyo ni safari ndefu, na saksafoni moja ni bei ya ng'ombe kadhaa.

Ndugu msomaji, wapo wanaoniuliza mambo haya yanamhusu nini mtu wa mahindi na maharage. Nawajibu kwa kuwaomba wasikilize. Nyimbo za zamani bado zinapigwa redioni. Ukisikia Mlimani Park Orchestra inatajwa, usizime. Subiri hadithi iishe. Subiri chemko ianze. Tarumbeta zitaingia kwanza, kali na za juu. Chini yake kidogo utasikia sauti nyingine, nene zaidi, yenye ukavu kama wa mtu aliyetoka kuzungumza usiku kucha. Hesabu ni mara ngapi inajibu, na mara ngapi inangoja.